Ukuta wa Godauni Nyuma ya Kibuye

Moto wa nguo hauna haraka. Moto wa petroli hukujia mbio, ukapigana nao, na baada ya muda mfupi mmoja wenu ameshindwa. Lakini robota la mitumba, lililokazwa kwa mikanda huko ng'ambo, huungua kwa ndani kama mtu mwenye kinyongo. Unalimwagia maji mpaka linavuja pande zote, unageuka kushughulikia jingine, nalo linaanza kufuka tena nyuma yako.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa naibu wa mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto Kisumu. Mkuu wangu alikuwa mzee wa kutoka upande wa Sondu, mrefu, mwenye mabega yaliyoanza kuinama, na alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alinifundisha jambo moja ambalo mwanzoni lilinikera. Mkubwa wa moto hashiki mpira wa maji. Anasimama mahali ambapo kila mtu anamwona, akiwa na kofia yake nyeupe, na sauti inayoamuru ni moja tu. Kabla ya kusema lolote anazunguka jengo zima kwa miguu. Anajua nani yuko wapi, na aliyeingia ndani anajulikana kwamba ameingia.

"Ukishika mpira," alikuwa akiniambia, "utaona maji yako tu. Moto wote hutauona."

Nilipokuwa kijana niliona kusimama hivyo ni uvivu wa wakubwa. Baadaye nilijua kwamba hakuna kazi inayochosha kama hiyo. Anayepiga maji huchoka mikono, akakaa chini, akanywa uji, akapata nafuu. Anayesimama na kuamua huchoka mahali ambapo uji haufiki.

Moto ninaousema ulianza Jumamosi asubuhi, katika godauni moja nyuma ya soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko hilo, kwa hiyo Jumamosi godauni lilikuwa limejaa hadi karibu na mabati. Mwenye godauni alikuwa mzee Mwislamu wa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani enzi za reli, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote. Mali yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya akina mama wa sokoni waliomwekea marobota yao, kwa sababu waliamini kufuli lake.

Siku iliyotangulia tulikuwa tumeshinda kwenye moto wa vibanda huko Otonglo, na hakuna aliyekuwa amelala vya kutosha. Mifereji ya mji haikuwa na maji. Ilibidi pampu moja iwekwe ufukweni ivute maji ya ziwa, na lori letu liwe linakwenda na kurudi. Nayo miaka hiyo magugu yalikuwa yameanza kulifunika ziwa. Yalinyonywa kwenye mdomo wa bomba, maji yakakatika, na kazi ya mmoja wetu ikawa kusimama ndani ya maji hadi kiunoni akiyang'oa kwa mikono. Kila lori lilipochelewa, tulijua magugu yameshinda tena.

Sehemu ya mbele ya godauni ilikuwa inawaka. Ya nyuma ilikuwa bado na moshi tu. Akina mama walimzunguka mkuu wangu, na mmoja wao, mwanamke mnene aliyejifunga leso kiunoni, ndiye aliyewasemea.

"Mzee, vitu vyetu viko huko nyuma, na moto haujafika," alisema. "Wacha vijana watutolee."

Mwenye godauni naye alimshika mkono. "Bwana, nakuomba. Hawa wamenipa amana. Nitawatazamaje kesho?"

Mkuu alizunguka jengo, akarudi, akawaza. Kisha akawaruhusu vijana wetu wanne, kiongozi wao akiwemo, waingie kwa mlango wa ubavuni ulio karibu na nyuma, na mpira mmoja wa maji uwalinde. Kwa saa ile uamuzi ulikuwa sawa. Ningekuwa mimi ningeamua vivyo hivyo. Walitoa marobota mengi, na kila moja lilipotokea mlangoni akina mama waliguna kwa shukrani.

Mchana ukasonga, upepo wa ziwani ukaanza kuvuma. Mkuu alinituma nizunguke tena. Nyuma, kwenye kile kichochoro kilichokuwa kimejaa watu waliokuja kutazama, nikasimama. Nguo zikilowa huvimba. Tulikuwa tumemwaga maji tangu asubuhi, na marobota yaliyopangwa kugusa ukuta yalikuwa yanavimba na kuusukuma polepole. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo. Juu yake palikuwa na ufa, na kupitia ule ufa niliona rangi nyekundu.

Nilirudi kwa mkuu nikitembea, kwa kuwa yeye mwenyewe alinifundisha kwamba mkubwa akikimbia, watu wote hukimbia.

"Mzee, ukuta wa nyuma unasukumwa. Umepasuka."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo imekauka.

"Umeuona mwenyewe?"

"Nimeuona. Utaangukia kichochoroni, na mabati yataanguka juu ya wale wa ndani."

Aligeuka kuelekea mlangoni, akafungua kinywa kuwaita. Haikutoka sauti. Ilitoka pumzi tu, kama mlango mkavu unaosukumwa. Alijaribu tena. Nilimwona akijishika koo, na usoni mwake nikaona aibu ambayo sijawahi kuisahau, aibu ya mtu mzima ambaye mwili wake umemkataa mbele ya watu.

Ndipo akavua ile kofia nyeupe, akanipa. Nilisogeza sikio.

"Moto ni wako sasa," alinong'ona. "Wanne wako ndani, kwa nyuma. Wengine wote wako mbele. Lori halijarudi. La kuogopa umeshaniambia." Kisha akaongeza kwa Kijaluo, "*Aol*." Nimechoka.

Hata katika hali hiyo alinikabidhi moto kama inavyotakiwa, ana kwa ana, bila kuacha kitu. Nikavaa kofia. Ilikuwa imelowa jasho lake.

Nilipiga filimbi mara nyingi mfululizo, ishara yetu ya kutoka, nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Wakati huohuo nikamshika mkono yule mama wa leso.

"Mama, nisaidie. Waondoe watu kichochoroni. Ukuta utaanguka upande wao."

"Na vitu vyetu?"

"Viache, mama. Nenda uutazame mwenyewe, lakini usisogee karibu."

Alikwenda hadi pembeni, akautazama ukuta. Sikusikia tena lolote kuhusu vitu. Nilisikia sauti yake ikipanda juu ya sauti zote, akiwaita watu kwa Kijaluo na kuwasukuma kwa mikono yake miwili, wanaume kwa wanawake.

Mlangoni walitoka watu wawili, halafu kiongozi wao. Wa nne hakutoka.

"Yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu, afande. Nilidhani amenifuata."

Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe. Nilikuwa nimepiga hatua nilipohisi mtu amenikamata mkanda kwa nyuma. Alikuwa mkuu. Hakuweza kusema, akatikisa kichwa tu. Nilimchukia kwa muda mfupi sana. Kisha nikaelewa kwamba nikiingia mimi, nje hakuna anayeamuru, na wale wa mbele hawatajua waende wapi. Nikamrudisha kiongozi mlangoni na mpira wa maji, nikamwambia asivuke kizingiti, amwite mwenzake na apige maji juu ya sauti itakayojibu.

Akaita. Kimya. Akaita tena.

Sijui ilikuwa muda gani. Kilichonielemea ni kusimama pale mikono mitupu.

Kisha moshi ukafunguka kidogo, tukamwona. Alikuwa anarudi kinyumenyume, amejikunja, akivuta robota.

"Achana nalo!" nikapiga kelele. "Achana nalo, utoke!"

Alisita. Nadhani alikuwa amechoka kiasi kwamba mikono ilikuwa imesahau kufunguka. Kiongozi wake alimnyooshea mkono kutoka kizingitini, akamkamata koti, akamvuta nje, wakaanguka wote wawili kwenye tope. Walikuwa wamejikokota hadi karibu nami ukuta uliposhuka. Haukulipuka kama watu wanavyodhani. Ulikaa chini, kama mtu anayeketi baada ya safari, na mabati yakaufuata. Kichochoro kilijaa matofali na nguo zinazowaka. Hapakuwa na mtu.

Yule wa nne aliungua shingoni na begani, akapona. Nilipomuuliza kwa nini hakuisikia filimbi, alisema aliisikia, ila robota lilikuwa karibu na mlango, akaona si vibaya.

Jioni ile yule mama wa leso alinijia. Alikuwa amejaa masizi.

"Mlibakiza kidogo tu," alisema kwa upole. "Yangu yalikuwa yamebaki karibu na mlango. Mngewaacha vijana kidogo."

Yeye ndiye aliyeondoa watu kichochoroni, na alijua vizuri kuliko mimi ni nini kingetokea. Lakini kujua hakumrudishii mtu mali. Aliniacha, akaenda kukaa chini na wenzake, karibu na yule mzee mwenye godauni, aliyekuwa ameketi ardhini na kanzu yake nyeupe katikati ya maji meusi.

Tulikaa siku kadhaa tukigeuza marobota kwa makoleo. Mkuu alilazwa kwa ajili ya moshi kifuani. Aliporudi, sauti yake ilibaki ya kukwaruza, na tangu hapo hakwenda tena kwenye moto. Alikaa kituoni, akanywa chai yake, akangoja kustaafu. Watu walidhani amenyang'anywa kazi. Mara moja nilimuuliza kama inamuuma.

"Hapana," alisema. "Siku ile nilipokupa kofia, nililala usingizi mzuri hospitalini. Sikuwa nimelala hivyo miaka mingi."

Kazi yake ikawa yangu, na usingizi wangu ukawa kama wake wa zamani.

Kibuye haikufungwa. Jumapili, godauni likiwa bado linafuka, akina mama walitandaza walichookoa na kuuza kwa bei ya chini. Mke wangu, bila kujua zimetoka wapi, alinunua sweta ya mtoto wetu wa mwisho, ya kijani, nzuri. Aliifua, akaianika, akaifua tena, na bado kila mara mtoto alipoivaa na kuja kukaa mapajani mwangu, nilisikia harufu ya ule moshi. Baada ya wiki nilimwomba mke wangu aigawe.

"Ina nini?" akauliza.

"Haina kitu," nikasema. "Nimechoka nayo tu."

Alimpa jirani.