Gauni Jeupe Lililonyang'anywa Garimoshini

Sisi tuliokulia Urambo, wakati tumbaku ikifungwa kwenye fito na mikono ya watoto, tulilijua garimoshi kwa masikio kabla ya kulijua kwa macho. Lilipopiga honi likitokea upande wa Kaliua, fito zilitupwa chini na mchezo ukaanza. Kila mmoja alishika upindo wa nguo ya mwenzake, wa mbele akapuliza moshi usioonekana, tukalizunguka bani la kukaushia tumbaku mpaka Shangazi Kabula atoke nje kulalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga kwa hofu. Wa mwisho kwenye mstari aliitwa gadi, na bendera yake ilikuwa jani bichi la tumbaku. Mimi nilikuwa gadi kila siku, kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wote na hakuna aliyependa nimkingie mbele.

Urefu huo ndio uliokaribia kuninyima kipaimara.

Nilianza darasa la kwanza nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba alihitaji mikono shambani, na mikono yangu ilikuwa mizuri. Nilipoingia shuleni hatimaye, magoti yangu yaligonga dawati kwa chini, na watoto wa miaka saba wakaniamkia shikamoo kwa dhihaka. Niliwaitikia marahaba bila kucheka, wakachoka wenyewe. Katika ukoo wetu hatukufundishwa kuinamisha kichwa. Shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akisema, "Ukikosa kiatu, tembea peku kama umeamua."

Msinielewe vibaya; hatukuwa watu wa huzuni. Jumapili hatukutia kitu kinywani kabla ya Misa, na ndiyo maana chai ya baada ya Misa ilikuwa na ladha ambayo sijaionja tena, hata katika nyumba zenye jokofu. Jioni tulitafuna matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi, tukiyachovya katika asali iliyotoka kwenye mizinga ya baba porini. Wajukuu wangu huyaonja kwa ncha ya ulimi, kisha huniuliza kama yana tarehe ya kuisha muda. Nawajibu kwamba kwetu yaliisha kabla ya tarehe.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, tuliambiwa kwamba kipaimara kingetolewa Tabora mjini kwa watoto wa parokia zote za jirani, siku ya Pentekoste. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la tatu. Katekista wetu alitoa sharti kwa wasichana: gauni liwe jeupe na lifunike magoti, na asiyekuwa nalo angekaa benchi la nyuma akisubiri mwaka mwingine. Baba naye alikwisha kusema kwamba safari ya garimoshi ingekuwa hiyo moja tu. Mwaka mwingine, kwangu, maana yake ilikuwa kutopata kabisa.

Gauni lilikuwapo, la binamu yangu, ambaye alilivaa akiwa na miaka tisa. Shangazi alifumua upindo wote mpaka uzi wa mwisho, akalinyosha, akalivuta. Bado liliishia juu ya magoti yangu kwa vidole vinne. Jirani yetu mmoja, mama mwema, alikuja na kipande cha kitambaa cheupe akatuomba tukipokee. Shangazi alimshukuru, akampa kiti, akampa karanga, na akamrudisha na kitambaa chake. Baada ya hapo akaniambia, "Sisi si watu wa kushonewa viraka." Nilikubaliana naye kwa moyo wote, kwa kuwa nilikuwa mjinga na mwenye fahari kama yeye. Mpango wetu ukawa kwamba nitembee nimekunja magoti kidogo chini ya gauni, na Roho Mtakatifu amalizie palipobaki.

Tulipanda garimoshi siku ya Ijumaa, tarehe 31 Mei. Mdogo wangu hubisha hadi leo kwamba ilikuwa Jumamosi. Lakini nakumbuka wazi harufu ya kuku wa kuchemsha aliyefunguliwa na abiria wa benchi la mbele, na Shangazi akinigeuza uso dirishani kwa sababu siku ile hatuli nyama. Hiyo ni Ijumaa.

Nitaieleza vipi furaha ile? Mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa na mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu. Cheche ziliruka dirishani, na masizi yakatuingia puani. Miti ya miombo ilirudi nyuma kwa kasi kama inayokimbilia nyumbani kwetu tulikotoka. Pale Usoke, akina mama walinyanyua sinia za karanga na mayai mpaka usawa wa nyuso zetu, na nikashangaa kumtazama mtu mzima kutoka juu bila kukosa adabu. Niliwaza kwamba babu zangu walipita katika nchi hii kwa miguu, na pembe za ndovu mabegani, wakielekea pwani, nami nilikuwa nimekaa.

Mkabala nasi alikaa mwanamke mmoja wa makamo, amejitanda khanga, na lafudhi yake ilikuwa ya pwani. Aliitwa Bi Mwanahawa. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja Tabora na mumewe, mfanyakazi wa reli, na akabaki katika mtaa wa Isevya hata baada ya kufiwa. Aliposikia kwamba sisi ni Wanyamwezi, alikaa sawasawa kama mtu aliyeletewa sahani.

"Basi nimekaa na watani zangu," alisema. "Ndiyo maana benchi limelalia upande huo. Mabega yamezoea mizigo, hata kukaa hamjui."

Shangazi hakuchelewa. "Na wewe miguu imechoka kwa ngoma, ndiyo maana umepanda garimoshi. Mngecheza kidogo mkalima sana, mihogo yenu isingekuwa michungu."

Behewa lilicheka. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya vijana nitasema: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, anaweza kuchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Mimi wakati ule sikulijua jambo hilo. Kwetu Urambo sikuwahi kumwona Mzaramo.

Kwa furaha ya mazungumzo, Shangazi alifanya kosa la watu wenye fahari: alifungua furushi la gauni. Alilitoa kwenye khanga mbili, akanisimamisha katikati ya behewa, akanipachika gauni kifuani ili abiria waone jinsi tulivyojiandaa. Watu walisifu weupe wake, kisha macho yao yakashuka mpaka kwenye magoti yangu. Mama mmoja alianza kusema kwamba anacho kitambaa. Shangazi alimkatiza kwa upole akasema kwamba hatuna shida.

Hapo Bi Mwanahawa akasimama. Alinipiga makofi mabegani kwa viganja viwili. "Mabega haya ni ya kubebea pembe mbili kwa mpigo," akasema. Alinifinya kiuno, akasema kwamba mpagazi huyu hajalishwa. Aliunyosha mkono wangu akautembezea shubiri zake kuanzia begani hadi kwenye kifundo, akalalamika kwamba ni mrefu kama wa mwizi wa maembe. Watu walivunjika mbavu. Kisha akalichukua gauni, akalikunja, akalisokomeza ndani ya kapu lake.

"Babu zenu walikula mihogo yetu wakaondoka bila kuaga," alisema. "Leo nachukua chetu."

Nilimtazama Shangazi ili amzuie. Shangazi alicheka tu, akasema kwamba Wazaramo wamekosa nguo mpaka wanavua watoto. Tulipofika Tabora, Bi Mwanahawa alitelemka na kapu lake kichwani, akapotea katika umati wa watu, na gauni langu likaenda naye.

Nililia kuanzia kituoni hadi kwenye bweni la parokia tulikofikia. Shangazi aliniambia, "Yule si mwizi, ni mtani." Alilisema hilo kwa uhakika jioni ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi alilisema kwa sauti ndogo. Jumamosi mchana nilimwona akiwauliza wauza mboga, kana kwamba hana haja sana, kama wanamfahamu Mzaramo fulani wa Isevya. Na alipoelekezwa njia hakwenda, kwa sababu kumfuata mtani ni kukiri kwamba umeumia. Usiku alisali rozari, akaimaliza, akaianza tena. Nilimsikia. Nilijua basi kwamba hata yeye hana hakika, na hofu yangu ikawa hofu ya watu wawili.

Jumapili asubuhi wasichana wenzangu walijipanga uani, weupe kama korongo wa mbugani. Mimi nilisimama kando na gauni langu la shule. Katekista alikwisha kunionyesha benchi la nyuma kwa kidole. Kengele ya kwanza ilipogongwa, tulisikia sauti langoni ikitusalimu Kinyamwezi kwa lafudhi ya pwani.

"Mwangaluka, wapagazi. Yuko wapi yule wangu mrefu?"

Bi Mwanahawa alisimama nje ya lango kwa miguu yake miwili, akijua wazi kwamba pale si kwake, wala asione haya kuwapo. Mkononi alikuwa na gauni, limekunjwa juu ya gazeti safi. Shangazi alilikunjua. Kwa chini liliongezwa pindo pana la kitambaa cheupe lililotiwa marinda, kana kwamba lilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Mikono ilifunguliwa na kurefushwa hadi kwenye kifundo, kiuno kikaachiwa nafasi. Harufu ya tumbaku ilikuwa imekwisha. Lilinukia sabuni na udi. Nilipolivaa lilifika katikati ya muundi. Liliniingia kama ngozi yangu, na ndipo nilipoelewa zile shubiri za garimoshini. Bi Mwanahawa alikuwa fundi cherehani. Mbele ya behewa zima la watu wanaocheka alinipima mwili mzima, na hakuna aliyejua kwamba anapima.

Shangazi aliyashika marinda, akayapitisha vidoleni. Kitambaa cha jirani alikuwa amekikataa, na cha yule mama wa garimoshini pia. Hiki hakuweza kukikataa, kwa sababu hakupewa. Alinyang'anywa, na sasa alikuwa akirudishiwa mali yake.

"Umeliharibu gauni letu," alisema.

"Nimelipunguzia aibu ya Kinyamwezi," Bi Mwanahawa alijibu. "Likomboeni."

Shangazi alimpa mfuko mzima wa matobolwa. Bi Mwanahawa alitafuna moja, akasema kwamba viatu vya marehemu mumewe vilikuwa laini zaidi, akatia mfuko kapuni. Nilikimbia kwenye mstari. Katekista alinitazama magoti, hakuyaona, akanionyesha benchi la mbele. Sijawahi tena kupumua kama nilivyopumua asubuhi ile. Shangazi aliweka mkono wake begani pangu kama msimamizi, na mkono ulikuwa mwepesi. Tulipotoka baada ya Misa ndefu ile, Bi Mwanahawa alikuwa angali amesimama langoni juani, akasema kwamba alisubiri kuona pindo lake linavyotembea.

Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya ukarimu tangu siku ile, na baadhi yalikuwa mazuri. Maoni yangu, kama mjane Mkristo aliyesoma kwa kuchelewa, ni kwamba wengi wetu tunajua kutoa lakini wachache wanajua kutoa bila kumwinamisha anayepokea. Mimi nilifundishwa na Mwislamu wa Kisarawe. Na mume wangu alipofariki, nikaapa moyoni kwamba sitacheka tena, Mzaramo mmoja aliingia matangani, akavaa kofia ya marehemu, akatembea kama yeye, mgongo nyuma na tumbo mbele, akidai chai yenye sukari nne. Nilicheka siku ya tatu ya ujane wangu. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoniponya.

Mwaka huu mjukuu wangu amepata kipaimara mjini Tabora. Gauni lake lilinunuliwa kwa simu, likaja limefungwa kwenye nailoni, na lilimtosha mara ya kwanza. Nilipomsimulia habari za langu, aliniuliza kwa nini hatukumpiga picha yule mama tukamrusha mtandaoni.

Kwenda kwenye sherehe hiyo nilisafiri kutoka Urambo kwa basi, kwenye lami, nimepakata furushi la matobolwa na chupa ya asali. Kando yangu alikaa msichana mwenye nyaya masikioni, akila bisi. Nilimuuliza kwao ni wapi. Alichomoa waya mmoja, akaniambia kwamba wazazi wake ni wa Kisarawe, akaurudisha. Nilifikiri kidogo. Kisha nikanyoosha mkono wangu mrefu, nikamnyang'anya mfuko wote wa bisi, nikaanza kula.

Alinikodolea macho. Abiria wa mbele aligeuka. Nilihesabu miaka yangu sabini na kitu, nikajiuliza nitamweleza nini kondakta. Ndipo msichana akachomoa nyaya zote mbili, taratibu, akaniangalia mabegani.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Harufu ya tumbaku naisikia tangu Urambo, kumbe ni wewe." Akalichukua furushi langu, akaliweka mapajani pake.

Nilimwitikia marahaba. Zamani behewa zima lingecheka. Siku ile tulicheka wawili tu, na basi zima likaendelea kutazama simu zake.