Jicho Alianzaje Kuwa Mbaya

Enzi zetu katuni tulizichora wenyewe. Nawaambia wenzangu mliosoma shule ya msingi miaka ile tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, vile vya mistari, maana watoto wa siku hizi hawawezi kuamini. Juzi mtoto wa dada yangu alirudi kutoka banda la video pale Nyahanga, lile la jamaa aliyepata dhahabu Geita akanunua jenereta kabla ya kununua kitanda. Alikuwa ameona katuni ya Kijapani. Kijapani haelewi hata neno moja, lakini kisa chote anacho. Adui wa katuni ile, aliniambia, hakuzaliwa mbaya. Alikuwa mtoto mpole, kijiji chake kikachomwa moto, ndipo moyo ukageuka.

"Mama mdogo, hapo alipoanzia ndipo patamu kuliko pote," akasema.

Nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kagongwa. Tulikwenda shule na jembe begani na ufagio mkononi, daftari ndani ya mfuko ulioshonwa kwa gunia la pamba. Mfukoni hamkukosa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama changarawe. Kimoja unakitafuna kipindi kizima cha Siasa na mwalimu hajui. Mapumziko tulipanga foleni ya uji wa bulga, ile ngano ya msaada, halafu tukacheza rede mpaka vumbi linakaa kwenye kope. Watoto wa leo ukiwapa andazi wanauliza soda iko wapi.

Mwaka niliokuwa darasa la tano lilikuja gari la sinema. Lilionyesha jinsi ya kupulizia pamba dawa, nasi tukashangilia wadudu wakifa kama tunaangalia vita. Wiki ileile nikaanza kuchora kisa changu nyuma ya daftari la Hesabu, ukurasa mmoja kila Ijumaa. Shujaa aliitwa Chuma. Adui wake aliitwa Jicho, kwa sababu mikono nilikuwa siwezi kuichora vizuri, nikampa kichwa kikubwa na macho mawili. Nilikuwa nimeokota kipande cha penseli nyekundu ya mwalimu, na chote kikaishia kwenye macho yale.

Wasomaji wangu walikuwa darasa zima. Msomaji mkali kuliko wote alikuwa Holo, tuliyekaa naye dawati moja.

"Kabula, huyu Jicho alizaliwa na macho hivyo?"

"Hapana."

"Sasa alianzaje kuwa mbaya?"

"Utaona Ijumaa."

"Ijumaa si ndiyo leo? Sema tu hujui!"

Masanja, wa dawati la nyuma, akadakia, "Hajui! Mchoraji gani hamjui mtu wake?"

Darasa likacheka. Mimi ni mtu wa kufikiri jambo mpaka linaoza, na hata utotoni nilikuwa hivyo hivyo. Nilikwenda nyumbani nikijiuliza mtu mbaya hutoka wapi. Hapo ndipo nilipomtazama Bibi Minza.

Bibi Minza alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili. Kabla ya kuhamishwa tulikuwa hatumjui. Serikali ilipanga nyumba kwa mstari, ikamweka pale, na hakuna aliyejua ametoka upande gani wala ni wa ukoo gani. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu miti ilikuwa imekwisha. Tulipikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake, mliouvuta mnaujua. Yeye alipika peke yake, kila siku, katika kijumba kisicho na dirisha. Nilikuwa nalijua hilo, maana nilikuwa naingia mle kula matobolwa yake na kutoka nalia machozi.

Siku moja nilimuuliza, "Bibi, watoto wako wako wapi?"

"Binti yangu mmoja ameolewa Nkome, ziwani. Watatu walitangulia, mjukuu wangu."

"Walikufa?"

"Walikufa wadogo."

Akanisimulia kidogo, nami nikasikiliza huku natafuna. Sikulia. Nakumbuka vizuri kwamba sikulia, kwa sababu Ijumaa iliyofuata nilichora kila kitu. Jicho alikuwa mwanamke wa kawaida. Alikuwa na watoto watatu. Akawatoa kafara mmoja mmoja ili apewe nguvu, na kila alipotoa mtoto, macho yakazidi kuwa mekundu. Nyuma yake nilichora nyumba yenye ua wa minyaa na chungu kilichovunjika juu ya paa. Kijiji kizima kilikuwa na nyumba moja tu ya namna hiyo.

Holo alisoma akashika mdomo. Masanja hakucheka. Sijawahi kusifiwa vile tena maishani, hata siku ya kuvaa joho. Holo aliuchana ukurasa akaenda nao kwao kuwaonyesha dada zake.

Kwao Holo ndama wanne walikuwa wamekufa mwezi ule.

Jioni ya Jumapili balozi wetu wa nyumba kumi alikuja nyumbani, ukurasa wangu umekunjwa kwenye mfuko wa shati. Nilimwamkia, baba akaniita mbele yake.

"Kabula, mwanangu, hii umechora wewe?"

"Ndiyo."

"Huyu ni nani?"

Nikaanza kufikiri. Nikisema ni Jicho, wataniuliza Jicho ni nani. Nikisema nimetunga, itakuwa nimeharibu daftari la shule, na baba ana fimbo. Nikisema ni Bibi Minza, nitakuwa nimesema uongo. Nilitafuta neno ambalo halina kosa ndani yake, nikaangalia chini, nikasema, "Sijui."

Balozi akamgeukia baba. "Umesikia? Anaogopa kumtaja."

Mliokulia kwetu mnaelewa. Bibi mwenye macho mekundu tayari hushukiwa uchawi, na mchawi hatajwi. Mtu akiulizwa nani amemloga, akainamisha macho akasema hajui, wakubwa huona amekwisha jibu. Nami nililifahamu hilo. Niliona baba anavyokunja uso, nikajua neno langu limepokelewa vipi, na bado nilikuwa na muda wa kusema nimetunga. Mama alitaka kusema kitu, balozi akamkatiza: "Mama Kabula, mtoto hadanganyi. Hata watoto wanajua."

Nikaenda kula.

Wiki hiyo haikuisha. Asubuhi moja tulikuta panga limechomekwa kwenye mlango wa Bibi Minza, na sote tulijua panga la mlangoni ni onyo la mwisho. Mkwe wake wa Nkome alifika na baiskeli, akafunga chungu na mkeka nyuma, akampakia na bibi mwenyewe. Majirani walibaki ndani. Bibi alipita kwetu kuaga.

"Usome, mjukuu wangu," aliniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa unanisikiliza."

Mwaka jana, baada ya kumaliza chuo ukubwani, nilikwenda Nkome. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuungama kwenye karatasi mara tatu, na mara zote nilikuwa nimejitetea mno. Nilimkuta ameketi kando ya dagaa walioanikwa, anafukuza ndege kwa kijiti. Huko wanapikia kuni, nje, kwenye upepo wa ziwa. Macho yake yalikuwa meupe kuliko yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nilijitaja. Akafurahi, akaita wajukuu waje wamwone mtoto wa Kagongwa. Karatasi ikabaki mfukoni. Nikasema tu, "Bibi, ni mimi niliyekusababishia kufukuzwa. Nilichora picha yako shuleni, wakubwa wakaiamini."

"Ulinichora mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi hata picha sijawahi kupigwa," akasema. "Unayo?"

Nikamwambia sina, nikamweleza ilivyokuwa, bila kupunguza. Tabasamu likaisha. Akaendelea kufukuza ndege.

"Na watoto wangu uliwachora?"

"Niliwachora, bibi."

"Watatu wote?"

"Watatu."

"Uliwaita nani?"

Niliwachora kama vijiti vitatu, na mle ndani ya moshi, siku zote zile za kula chakula chake, sikuwahi kuuliza majina yao.

Siku hizi kwetu kumejaa wageni wa dhahabu, nyumba hii haijui nyumba ile, na tunapokutana watu wa rika langu tunasikitika pamoja: zamani watu walijuana, zamani jirani alikuwa ndugu. Ni kweli tulijuana. Nilijua jina la kila ng'ombe aliyepita mbele ya nyumba yetu, naweza kuyataja mpaka leo. Majina ya watoto wa Bibi Minza nimeyajua mwaka jana, na alinitajia yeye mwenyewe bila kunitazama: Ngolo, Shija na Nkwimba. Nkwimba alikuwa ameanza kutembea.