Plasta Juu ya Kitufe

Watu wa ghala walimwita Mama Kadi, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili hata msumari haukutoka mlangoni pale kabla hajauandika kwenye kadi yake. Sasa ghala lilikuwa linahamia kwenye kompyuta, na bosi hakumung'unya maneno: asiye na cheti cha programu ya stoo ifikapo mwisho wa mwezi, atafute kazi kwingine.

Basi Mama Kadi akajiunga na masomo ya mtandaoni, akisomea kwenye meza ya jikoni kwa tableti ya bintiye muuguzi. Kuelewa alielewa, angeweza hata kuwafundisha waliotunga somo lenyewe. Balaa lilikuwa kitufe cha Hifadhi, kilichobanana na cha Futa kama mapacha kitandani, na kidole chake kilizoea maboksi. Alifeli mtihani mara mbili, kazi yote ikiyeyuka mbele ya macho yake. Mara ya pili alilia.

Kesho yake akachukua plasta kwenye mkoba wa bintiye, akaibandika juu ya Futa. Ukurasa ukapanda kidogo tu, plasta ikaziba Hifadhi, Futa akabaki anamkodolea macho.

Lilibaki jaribio moja, la mwisho. Kabla yake likaja dodoso: umeridhika kiasi gani na programu? Kwenye kundi lao wanafunzi wakaandikiana, "Tuwape nyota tano jamani, tusijichongee."

"Weka tano, mama, yaishe," binti akamwambia.

"Boksi likija limeoza, naandika limeoza. Leo niandike zima?"

Akatoa nyota moja, akaeleza kisa chote, akaambatanisha picha ya plasta, akatuma.

Baada ya siku mbili mwalimu wa kozi akapiga simu. "Shikamoo, mama. Hii plasta ni ya nini?"

"Marahaba. Ni ya kidonda cha programu yenu, mwanangu."

Mwalimu akacheka. "Wenzako wote wametupa tano. Na nusu yao wamefeli palepale ulipofeli wewe. Hakuna aliyetuambia."

Siku ya mtihani, Futa alikuwa amehamishiwa chini kabisa, na ukimgusa anakuuliza kwanza kama una uhakika. Mama Kadi akabandua plasta, akafanya kazi yake bila haraka, akafaulu. Akamkumbatia bintiye kwa furaha hadi sare ikakunjamana.

Dodoso likaja tena. Binti akachungulia. "Nne? Mama!"

"Ya tano wataipata wakikuza maandishi," akasema Mama Kadi, akatafuta miwani yake, akatuma.