Mwenyeji Wangu wa Mwanza

Nilipomaliza kidato cha sita Kasulu, nilirudi nyumbani Kibondo kusubiri matokeo. Mama yangu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Singida kabla sijazaliwa, aliamini kwamba mtu haombi chuo asichokiona. "Hata mbuzi unamshika mgongo kabla ya kumnunua," alisema. Akapanga niende Mwanza nikaone mji na chuo chake kabla ya kutuma maombi. Mwenyeji alikwishapatikana: mtoto wa jirani yetu alikuwa anasoma huko, mwaka wa tatu.

Jirani huyo alikuwa mjane, familia yake ina asili ya Burundi. Alilima maharage Busunzu na kuyauza sokoni Kibondo. Mwanawe ndiye wa kwanza mtaani kwetu kwenda chuo kikuu, na tangu aondoke, kila mama yule aliponiona na vitabu aliniambia, "Soma, mwana wanje, mwanangu, ufike alipo kaka yako." Asubuhi ya safari alinipa mfuko wa unga wa muhogo nimpelekee.

Kaka huyo alinipokea stendi ya Mwanza. Nilimkumbuka kama kijana aliyejaa mwili. Aliyesimama pale alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono imesimama. Aliupokea mfuko, akaufungua, akanusa unga, akaufunga tena. Halafu akanifikisha kwa rafiki wa mama, muuguzi, ambako nilipangiwa kulala.

Kesho yake alinitembeza. Mwanza ilinitisha kwa mawe yake. Kwetu milima ni udongo na nyasi. Kule nyumba zimepandana juu ya majabali kana kwamba zinakimbia maji. Yeye alipita vichochoro vile kama mtu aliyezaliwa humo. Alinionyesha vyumba vya bei nafuu vilipo, duka la kutolea nakala lisilo na foleni, mama anayepika maharage yanayofanana na ya nyumbani.

"Sisi wa mwaka wa tatu tunakula hapa," aliniambia.

Chuoni hatukuingia kwa lango kuu. Alinipitisha kwenye njia nyembamba kati ya mawe mawili, akasema ni ya mkato. Akaniingiza kwenye ukumbi wa mihadhara, tukakaa safu ya nyuma kabisa, na mwalimu akaingia kufundisha uchumi. Sikuelewa mengi. Nilichokiona ni uso wa mwenyeji wangu. Aliandika kila kitu, na mwalimu alipouliza swali, midomo yake ilitamka jibu polepole, bila sauti. Mkono hakuunyoosha.

Tulipotoka, wasichana wawili walimwamkia, "Shikamoo, kaka." Aliitika haraka na kuongeza mwendo. Nilijiuliza ni mwanafunzi gani anayeamkiwa hivyo na wenzake wa darasa.

Mlangoni mwa maktaba mlinzi alimwomba kitambulisho. Alijipapasa mifukoni, akasema amekisahau. Mlinzi, mzee mwenye sauti ya upole, alitazama chini.

"Kijana, hili tulishaongea. Mimi sikufukuzi. Ila humu ndani usiniingize matatani."

Tulikwenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya jengo. Nilimwuliza, "Kaka, kitambulisho kiko wapi?"

"Nilikirudisha," akasema. "Nilidisko mwaka wa kwanza."

Alilieleza neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa. Alifeli masomo, hata mitihani ya marudio, chuo kikamwondoa. Alipanda basi la kurudi Kibondo, akafika njia panda ya Nyakanazi, akashuka. Alikumbuka mama yake alivyosimama kanisani siku ya kumuaga, na watu wote walivyogeuka kumwangalia. Akavuka barabara, akapanda basi la kurudi Mwanza. Tangu hapo kila alfajiri alikuwa akibeba samaki kwa ujira mwaloni, kwenye soko la ufukweni, kisha anaoga, anavaa shati lake na kuja chuoni.

"Wiki nzima?" nikauliza.

"Vipindi vyote. Mama akipiga simu akauliza niko wapi, namwambia niko darasani. Na niko darasani kweli."

Hakuniomba nimfichie. Afadhali angeniomba, kwa maana ningekuwa na kitu cha kukataa au kukubali. Alinisindikiza stendi siku ya kuondoka, akanishauri nichague uchumi, akasema ukiuelewa mapema hautakusumbua.

Njia nzima niliona kila abiria aliyelala akifanana naye. Basi liliposimama Nyakanazi nilichungulia dirishani upande wa pili wa barabara. Walikuwepo wauza karanga tu, lakini nilichungulia mpaka tulipoondoka.

Nilimweleza mama yangu yote. Alijifunga kanga. "Mzazi hafichwi habari za mtoto wake," akasema, tukavuka wote kwenda kwa jirani. Mama yangu alisema kwa utulivu, mimi nikaongeza nilichokiona. Yule mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Mikono haikusimama.

"Analala wapi?" aliniuliza.

Sikujua. Nilikuwa nimemwuliza habari za kitambulisho, nikamwuliza habari za vipindi. Hilo sikuuliza.

Yule mama alisafiri siku iliyofuata, peke yake, akiwa na maelezo yangu ya njia ya kati ya mawe. Waliporudi wote wawili, yeye ndiye aliyetusimulia. Alimkuta ukumbini, palepale nyuma, mwalimu akifundisha. Mtoto alimwona akiingia na kitenge chake na viatu vya vumbi, akataka kuinuka. Mama akamwashiria akae, akaketi pembeni yake hadi kipindi kikaisha.

"Sikuelewa hata neno moja, mwalimu," alimwambia mama yangu. "Nilitaka nimwone akisoma. Nilikuwa sijawahi kumwona."

Nilipochaguliwa chuo kilekile, siku ya kwanza niliingia ukumbini mapema nikaelekea nyuma. Msichana mmoja wa mwaka wa juu, aliyekuwa akitafuta daftari lake, aliniambia, "Hapo huwa pana mtu." Nikamwuliza nani. "Kaka mmoja. Siku hizi simwoni." Nilihamia mbele, na muhula mzima mgongo wangu ulikuwa na baridi.

Likizo nilimkuta yule kaka Busunzu akipalilia maharage ya mama yake. Alinikaribisha vizuri, lakini katikati ya mazungumzo aliinua macho kutazama jua, akasema, "Sasa hivi mngekuwa mnatoka kipindi cha takwimu." Ilikuwa kweli. Mama yake alinisindikiza hadi barabarani, akanong'ona, "Amerudi, ila bado hajafika."

Alikaa hivyo misimu miwili ya maharage. Mwaka huu ameanza kozi ya ualimu Kasulu, na mama yake ndiye aliyempeleka na kuonana na walimu wake. Wanasema anafanya vizuri. Mara nyingine hunipigia simu mchana kunisalimia. Hunieleza habari za masomo yake, nami humwitikia, lakini kabla sijayasikia maneno yake husikiliza kwanza kelele zilizo nyuma yake, nijue yuko wapi.