Sikio la Fundi wa Kompyuta

Ukimpelekea fundi wetu picha ya kompyuta yenye taa za rangi, anauliza, "Utaifanyia nini?" Kwake taa huja mwisho, zikija. Kabla ya kushika kifaa chochote hugusa nondo za dirisha, umeme wa mwilini usije ukakiunguza. Jana mashine mpya aliyomuundia dada yangu, mhariri wa video, iliwaka, dada akapiga makofi. Fundi alikuwa ametega sikio. Akaizima.

"Feni moja inalalamika."

Akafungua ubavu, akasogeza waya uliokuwa ukigusa feni, kisha akaweka mikono nyuma. "Washa mwenyewe, dada. Nikiwasha mimi, utaniita kila asubuhi."

Dada akabonyeza. Kabla kioo hakijawaka, fundi alishamgeukia mteja mwingine. "Na wewe, utaifanyia nini?"