Kitenge cha Mheshimiwa

Nilishona nguo kumi na nne zenye sura ya yule mwanaume, na kushona hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuamua sura ikae wapi. Ukiiweka kifuani, wenye vifua vikubwa wanamnenepesha. Ukiiweka nyuma, inashuka mpaka pale mtu anapokalia. Emérence alisimama kando ya cherehani yangu, sebuleni hapa Beechmont, akinilinda kama mkaguzi. "Mama Goreth, muheshimiwa asikaliwe. Umuweke juu."

Tulifahamiana kazini, tukifua mashuka katika nyumba ya wazee hapa Louisville. Yeye Mkongo wa Fizi, mimi Mtanzania wa Kasulu. Mwanzoni Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimchekesha zaidi. Alikuja Marekani na wanawe wawili wa kiume. Binti yake mkubwa, Sandrine, walipotezana vita vilipowakuta njiani, na alipopatikana alikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Tanzania, mama yake ameshafika huku. Tangu hapo Emérence hakuwa na habari nyingine. Ungemuuliza kuhusu theluji, angekujibu kuhusu faili la Sandrine la kuomba kuja huku.

Mwaka 2014 ukaja mradi. Mtu mmoja wa hapa, ambaye sisi tulimwita Tajiri tu, alitangaza kwamba atajenga jumba kubwa la kutunzia wazee kwenye kiwanja cha kiwanda kilichokufa. Pesa zingetoka kwa wageni wa nje: mgeni anaweka nusu milioni ya dola kwenye mradi wa kuleta ajira, naye anapewa karatasi za kuishi Marekani pamoja na familia yake. Ajira zingekuwa zetu sisi wakimbizi na wahamiaji. Aliyemtembeza Tajiri makanisani alikuwa Mheshimiwa, mjumbe wa bunge la jimbo, mtu wa kucheka na kila mtu na kubeba watoto wasiotaka kubebwa. Akina mama wa kanisa la Emérence wakaombwa waje kucheza siku ya kuchimba msingi.

Hapo Emérence akafanya kosa ambalo Mmarekani hawezi kulifanya hata ukimlipa. "Kwetu mukubwa akikusaidia, unamuvalaka," alisema, yaani unavaa kitenge chenye sura yake. Binamu yake Bahizire, anayekaa Black Rock kule Buffalo, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitambaa. Msaidizi wa Mheshimiwa ndiye aliyetoa picha. Zikaja yadi na yadi za kitambaa cha bluu chenye maduara, na ndani ya kila duara Mheshimiwa na Tajiri wamekumbatiana kwenye boti ya Tajiri, chini yao neno moja: ASANTE.

Mheshimiwa alipowaona akina mama wamemvaa, alicheka mpaka akafuta macho. Akaingia katikati, akacheza vibaya, kamera zikampiga picha. Kisha akamshika Emérence mikono yote miwili na kumuuliza anahitaji nini. Mchungaji wa kanisa lao, Bagula, akatafsiri habari ya Sandrine. Nilikuwepo. Mheshimiwa alisema atalishughulikia faili kama la binti yake mwenyewe, na msaidizi akaandika jina. Hatukujua kwamba mjumbe wa jimbo hana hata kidole cha kugusia faili la kambini. Yeye alijua.

Msingi wenyewe haukuchimbwa zaidi ya pale walipopiga picha. Nyasi ziliota. Serikali ilipokuja kuuliza, mwaka uliofuata, ikaonekana pesa za wageni zimejenga nyumba ya Tajiri kando ya ziwa, zimenunua ile boti, na sehemu nzuri tu imeingia kwenye kampeni za wanasiasa. Mheshimiwa akatokea kwenye televisheni na uso wa msiba. Alisema hamfahamu mtu huyo. Labda waliwahi kupeana mikono siku moja, kwenye umati.

Jumapili hiyo hiyo Mchungaji Bagula alipita na mifuko ya taka akikusanya vitenge. Alisema ofisi ya Mheshimiwa imeshauri hivyo, kwa faida ya wenye mafaili. Bahizire naye akapigiwa simu, akafuta picha. Emérence alitoa blauzi na sketi. Kitambaa cha tatu, cha kujifunga juu, alikikunja akakificha chini ya godoro. Nilimuuliza cha nini. Akasema ni ahadi ya mtu, ahadi haitupwi.

Kabla ya Pasaka akaja msichana wa Kitanzania kutoka Columbus, amebeba mfuko wa machungwa. Alikuwa Epifania, mwanafunzi, amepanga chumba karibu na chuo. "Shikamoo mama," alimwambia Emérence, na Emérence, ambaye kwao hawana salamu hiyo, akamjibu, "Bonjour, mama."

Baba yake, Mzee Jovin wa Bukoba, alikuwa ameuza maduka na nyumba ili mradi ule umpe Epifania na wadogo zake karatasi.

"Picha yenu ilikuwa kwenye kitabu cha mradi," Epifania alisema. "Baba akasema, kama akina mama hawa wamemvaa, basi wanamjua. Wakili wetu anataka kitenge chenyewe, mama. Kinaonyesha Mheshimiwa na mwenye mradi walikuwa marafiki hata kabla ya siku ya kuchimba msingi."

Nisiseme uongo, sikumhurumia sana mtu mwenye nusu milioni. Alikuwa akiwanunulia watoto wake mlango ambao Sandrine aliusubiri juani bila kununua chochote. Lakini msichana mwenyewe alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na huyo sikuweza kumchukia.

Emérence aliyaangalia machungwa muda mrefu. "Pole sana, mutoto yangu. Sina kitu."

"Hata kipande, mama?"

"Baba yako alipoteza franga, pesa tu. Donc, mie nikifungua kinywa, nitapoteza mutoto."

Epifania alisema sawa, akaandika namba yake ya simu, akaondoka. Mimi nilichemka. Nilimwambia Emérence kwamba amemlinda mwizi. Yeye akaanza kumenya machungwa.

Oktoba 2016 Mheshimiwa alifanya mkutano wa kampeni kwenye ukumbi wa shule, jirani kabisa na kwetu. Ofisi yake ilikuwa haipokei simu za Emérence kwa miezi. Akasema ataenda kumuuliza uso kwa uso, mimi nitafsiri. Alivaa gauni la kanisani na kubeba mkoba mkubwa. Kwenye simu ya mwisho kutoka Nyarugusu, Sandrine alikuwa ameomba mama amsalimie Mheshimiwa.

Tulipanga foleni. Zamu yetu ilipofika, Emérence alitabasamu kama anayemwona ndugu. Mheshimiwa akampa mkono, akasema amefurahi kumfahamu. Nikadhani amepitiwa. Nikamkumbusha: huyu ndiye mama wa kucheza, mama wa Sandrine. Akageuka kwa msaidizi, kijana mpya, kuuliza huyu anatoka nchi gani. Kijana akatafuta kwenye simu yake, akasema jina la Sandrine halipo kwao na halijawahi kuwepo. "Nimefurahi sana kukufahamu," Mheshimiwa alirudia, na mkono wake ulikuwa tayari kwa mtu wa nyuma yetu.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, na nilijichukia kwa kila neno. Emérence alisikiliza. Kisha akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa cha bluu, akajifunga kiunoni pole pole mbele ya watu wote. Mheshimiwa akakitambua. Safari hii kumbukumbu zake zilifanya kazi vizuri, akawa mwekundu hadi masikioni. Emérence akatembea mpaka mstari wa mbele, akageuka ili ukumbi mzima uone boti na lile kumbatio, akavuta kiti, akamkalia.

Hatukufukuzwa, kwa sababu kamera zilikuwepo. Mwezi uliofuata Mheshimiwa akashinda. Epifania, ambaye Emérence mwenyewe alimpigia simu, alikuja kuchukua kitambaa, na Emérence alikipiga pasi kwanza.

Lakini usiku ule wa mkutano Sandrine alikuwa amepiga simu, asubuhi ya kwao. Nilikuwepo jikoni.

"Mama, ulimuona muheshimiwa?"

"Nilimuona."

"Alisema nini?"

"Alisema amefurahi kunijua."

Tulimsikia Sandrine akipiga kigelegele, akiwaita majirani wa kambini waje wasikie, mukubwa wa Marekani anamujua mama yake. Emérence hakumsahihisha. Alisubiri kelele zitulie, akamuuliza kama wamekula.