Betri ya Moyo wa Mama

Kila asubuhi Mama aliketi juani nyuma ya nyumba yetu Kimilili, kitambaa chake akikishusha begani. Nilidhani ni baridi ya mlima. Aliponiona namtazama akasema, "Naanika betri." Hakuwa anatania.

Chini ya bega lake la kushoto kuna kimashine kinachousaidia moyo kupiga. Daktari wa Bungoma alikuwa amempima akasema betri inakaribia kuisha, aende Eldoret abadilishiwe kabla ya mvua za masika. Mama akakumbuka mawe ya redio, zile betri zilizokwisha nguvu, tulivyokuwa tukiyaanika juu ya bati.

"Yale yalipata joto tu, Mama," nilimweleza. "Hayakuongezewa kitu."

"Lakini si habari tulisikia?"

Mimi nafundisha fizikia Kitale, na kueleza ni furaha yangu. Krismasi nilimsimulia habari za betri ya nyuklia: kipande kidogo cha madini ambacho atomu zake humeguka zenyewe, polepole, kwa miaka mingi, na nguvu inayotoka hugeuzwa kuwa umeme. Nilimwambia zamani watu wachache waliwahi kuwekewa za namna hiyo kifuani, na kwamba sasa wanasayansi wanatafuta kuziunda upya, ndogo na salama zaidi. Alisikiliza vizuri mno. Sikujua alikuwa ameamua kuingoja.

"Nipasuliwe sasa, halafu tena nikiwa mkongwe?" aliniuliza. "Nangoja hiyo yako ya miaka mingi. Si ulisema wanaiunda?"

Niliketi kando yake. Mwanafunzi asipoelewa, narudi nyuma hatua moja na kutafuta mfano mwingine. Mama alikuwa ameelewa kila mfano. Kilichobaki ni sentensi moja niliyoiogopa.

"Wanaiunda, Mama. Lakini haitakuwahi wewe. Na hii uliyo nayo haitangoja."

Akakipandisha kitambaa chake begani.

"Hapo ndipo ungeanza, mwalimu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wale wa darasani, huwa unawaambiaje?"

"Kwamba huenda wao ndio wataikamilisha."

"Waambie hivyo. Wao wana wakati." Akanigeukia. "Eldoret ni siku gani?"

"Jumanne."

"Utanipeleka wewe?"

Nikasema nitampeleka. Akainuka taratibu, akaingia ndani kutafuta kadi yake ya hospitali.